Adabu ya Mpiga Mbiu

Zamani za Wadachi, ndio hao Wajerumani, habari za shule hazikutufikia kwa karatasi. Nani angeisoma? Zilitufikia kwa mdomo wa mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kofia kuukuu ya askari na pembe ya tandala iliyoning'inia begani kwa kamba. Tulimwita mpiga mbiu wa shule. Jina alikuwa nalo, wala halikuwa siri, lakini miaka yote aliyotupitia sikumbuki mtu wa kwetu aliyelitumia, nami sitaanza leo.

Mbiu ikilia ng'ambo ya korongo, wanawake tulikimbilia juu ya tembe kuondoa uwele. Mapaa ya tembe zetu ni bapa, ya udongo, na mavuno huanikwa huko. Yeye naye alipenda kusimama huko huko, maana alishikilia kwamba habari isemwayo chini husikiwa na mbuzi tu. Hakuomba ruhusa. Alipanda, akakanyaga nafaka ya mtu, akapuliza pembe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, ndipo akafungua kinywa.

"Sikilizeni, wenye watoto! Shule inasema!"

Hakusema mwalimu anasema, wala boma linasema. Kwake shule ilikuwa na mdomo wake. Shule inasema kila kaya ilete kikapu cha mtama wa kuwalisha wanafunzi. Shule inasema wavulana watarudi makwao kwa mavuno. Mwezi haujaisha, shule inasema hawarudi, kuna pamba ya kuchuma katika shamba la shule. Shule inasema siku ya kuzaliwa Kaisari watoto wataimba mbele ya boma, wazazi waruhusiwa kutazama kwa mbali, na asije mtu na ng'ombe. Alitangaza kwanza kwa Kiswahili, vilevile kama alivyopewa na mwalimu, neno lisipungue. Kisha akarudia kwa Kigogo chake kilichopinda, na hapo ndipo tulipocheka.

Alikuwa Mnyamwezi. Ujana wake aliumaliza akibeba mizigo ya misafara, na safari moja ikamwacha Dodoma, kabla reli haijafika, akiwa na mguu uliovimba. Mnyamwezi kwetu ni mtani, tangu enzi za babu zetu waliowadai wapagazi hongo kwa kila dimbwi la maji. Mtani hasalimii. Mtani anatukana, anachukua kuku bila kuuliza, anamwita mke wa mtu mke wake, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Msibani mtani ndiye anayezika, na ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kucheka.

Huyu wetu alikuwa bingwa. Akimaliza habari za shule alishuka paani, akajitupa kivulini kwangu na kuanza.

"Mke wangu, bado unaishi na huyu mwizi wa ng'ombe? Nilipokuacha ulikuwa na sura. Sasa hata ndui imekukimbia, imeona hakuna pa kukaa."

Nina makovu ya ndui usoni tangu utotoni, na hakuna mtu mwingine duniani niliyemruhusu kuyataja.

"Kaa kimya, punda wa Waarabu wewe," namjibu. "Umebeba pembe za watu mpaka shingo imekuwa ya mbuni. Na hiyo unayopuliza umeiiba kwenye mzigo wa nani?"

"Ya baba yako. Niliichukua badala ya hongo. Lete chakula!"

Aliusema vibaya mlenda wetu, ati ni makamasi ya ng'ombe, huku akikomba chungu kwa kidole. Mume wangu, baba Nyemo, mtu wa maneno machache, alikuwa akigeuza uso ili asionekane anacheka. Na mwanangu Nyemo, akiwa bado mchunga mbuzi, angeliacha mbuzi waingie kwenye shamba la jirani kuliko kukosa matusi hayo.

Mambo yake mengine hayakupatana. Alimwogopa mbwa yeyote, hata kibwa cha kunyonya, lakini askari wa boma alimkatiza maneno bila wasiwasi. Katika utani alikuwa mwongo asiye na mpaka, ila tangazo la shule hakulitia chumvi wala kulipunguza. Hakujua herufi hata moja, na aliiheshimu shule kuliko mwalimu mwenyewe. Aliniambia siku moja kwamba angekuwa na mtoto angempeleka kwa miguu yake, bila kuitwa. Nikamwambia ni rahisi kutoa mtoto usiye naye. Akaendelea kula.

Maana sisi hatukupeleka. Tuliambiwa tutoe. Jumbe alipita kaya kwa kaya akichagua mvulana, na baba aliyekataa alifungwa mnyororo akapelekwa kuvunja mawe ya barabara, kisha mvulana akachukuliwa vilevile. Nyemo alikuwa mwanangu wa kiume wa pekee. Asubuhi Nyemo alipochukuliwa, baba yake alisimama katikati ya zizi, akahesabu ng'ombe kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Hakutoka mpaka walipokwisha kupotea machoni. Mimi nilimlaumu kwa hilo, baadaye nikaacha.

Shule ilikuwa karibu na boma, tembe ndefu ambayo wavulana waliijenga wenyewe. Waliotoka mbali kama wetu walilala humo humo. Wazazi hatukuruhusiwa kukanyaga isipokuwa kwa siku iliyotangazwa, na siku hizo zilikuwa chache. Kwa hiyo mdomo wa mpiga mbiu ndio uliokuwa dirisha letu. Mwanzoni alitueleza kila kitu. Fulani amekua, fulani anaimba vizuri, fulani analia usiku. Nyemo anajua kuandika jina lake, na la mbuzi wake.

Kisha alitangaza paani, kwa nia njema kabisa, kwamba wavulana wanaharisha. Kabla ya jioni wazazi walikwisha kuwatoa watoto kupitia nyuma na kuwaficha milimani, upande wa Kondoa. Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, naye alikuwa na wakubwa wake waliotaka kuona madawati yamejaa. Madawati yalipobaki matupu, mtu alipaswa kulipa. Mpiga mbiu akalazwa chini uwanjani pale bomani, akachapwa kiboko hamsa wa ishirini, mapigo ishirini na matano, mbele ya watu.

Alipotupitia tena alikula amesimama.

"Kaa, mtani," nikamwambia.

"Nitakaa mwakani." Akatafuna. "Mjumbe hauawi, mke wangu. Lakini hakuna aliyesema hachapwi."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Tangu siku hiyo kila tangazo lilimalizika kwa maneno mamoja: "Shule inasema watoto wote wazima." Alipewa hayo na mwalimu, na askari alitembea naye kuhakikisha hayabadiliki. Kiangazi, masika, wakati wa njaa na wakati wa shibe, watoto wote wazima. Kinamama tulisimama chini ya paa, shingo juu, tukisubiri atuambie jambo, naye akituambia hilo tu. Ukimfuata kivulini na kumuuliza, "Mtani, Nyemo anakula?" alimtazama askari, akakwambia meno yako yanatisha watoto.

Jirani yangu, mama Chalo, ndiye aliyekuja kisimani siku moja akiwa na furaha. Alisema Mnyamwezi hatimaye amefunzwa adabu. Kampitia kwake, kavua kofia, kamwamkia "Mbukwenyi, mama," kwa mikono miwili, kapokea maji, kashukuru, kaondoka. Hakumtukana hata kidogo. Tulimwonea wivu kidogo. Tukasema labda kiboko kimemfundisha. Wiki haikuisha, askari akaleta shuka ya Chalo na habari kwamba mtoto amekufa kwa homa.

Hapo hatukushtuka bado. Tulisema ni bahati mbaya. Ila baadaye mzee mmoja wa upande wa korongo aliamkiwa kwa adabu vilevile, na mjukuu wake akarudishwa nyumbani amebebwa, haoni. Ndipo sisi wanawake, tukiwa tunatwanga, tulitazamana. Hakuna mwalimu anayeweza kumchapa mtu kwa kuamkia watu vizuri, wala hakuna askari atakayeandika kwamba mtani amekosa kutukana. Tangu siku hiyo, mbiu ikilia hatukusikiliza tena maneno ya paani. Tulingoja ashuke. Nilimwandalia chakula, na akishanitukana, matusi mazito ya kumtoa mtu machozi, nilipumua. Kadiri alivyonivunjia heshima ndivyo nilivyolala vizuri.

Sikumwambia kwamba tumejua. Naye hakutuuliza kama tumejua. Neno moja tu lingemrudisha pale uwanjani.

Alinijia kabla ya mvua. Alitangaza juu ya paa kwamba shule inasema vikapu vya mtama vichelewe mwezi huu, na kwamba watoto wote wazima. Akashuka polepole. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chungu. Akavua kofia.

"Mbukwenyi, mama Nyemo."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi ndani ya mlango. Alikuwa mzee, kisimani haendi, kwenye kinu haji, hakujua. Alifurahi sana. "Leo mtani amekua mtu mzima," akasema. "Mpe maziwa." Nilimpa maziwa. Aliyapokea kwa mikono miwili na kuyanywa yote, huku askari akikwangua tope kwenye viatu vyake, na macho yetu hayakukutana. "Asante, mama," akasema, akaenda zake.

Baba Nyemo alirudi jioni, nikamweleza.

"Ukienda, watajua mtani amesema," akaniambia.

"Nisipoenda?"

Alfajiri alinipakia mwenyewe kikapu cha mtama kichwani. Shule ilikuwa imesema vikapu vichelewe, lakini mwanamke wa shamba anaweza kuwa hakusikia vizuri. Huo ndio uongo tuliokuwa nao.

Nilipofika nilikuta nyuma ya shule wamezungushia miiba, boma kama la ng'ombe, na ndani yake kibanda. Askari wa lango alinizuia. Nikasema nimeleta mtama. Akasema rudi nao. Nikakaa chini. Akainua fimbo. Mpiga mbiu akatokea mbio kutoka ofisini, akaanza kupiga kelele.

"Mke wangu huyu! Amenifuata mpaka kazini! Mnaona mateso yangu?"

Nikashika mchezo. Nikamrukia, nikamvua kofia, nikamwita kila jina nililolijua. Askari wakacheka mpaka wakaegemea ukuta, na mganga wa boma, mtu wa makamo mwenye aproni, akatoka kutazama. Akaniona uso. Akaja karibu, akanigeuza shavu kwa kidole.

"Uliugua ndui, wewe mama?"

"Niliugua, baba."

"Haiwezi kukupata tena. Hawa wahudumu wangu wote wanakataa kuingia mle." Akaonyesha miiba. "Ukitaka ingia uwanyweshe wavulana maji. Ila ukiingia hutoki mpaka wa mwisho amepona, au amekwisha."

Sikumuuliza kama Nyemo yumo. Niliingia. Wakaburuta tawi la mgunga nyuma yangu, wakaziba.

Alikuwemo. Alikuwa ameongezeka urefu, na uso wake ulikuwa umejaa malengelenge, sikumtambua mpaka aliponiita. Walikuwa wamelala kama samaki wa kuanikwa, wengine wadogo kuliko yeye. Niliwanywesha wote, nikawafukuzia nzi wote, lakini kichwa kilichokaa pajani mwangu kilikuwa kimoja. Sitasimulia yote ya mle. Mtu akifungiwa na mwanawe mgonjwa, hana pa kukimbilia na hataki pa kukimbilia.

Nitasema nililolisikia. Upande wa pili wa miiba kulikuwa na mti mdogo, na chini yake mwalimu alimpa mpiga mbiu maneno kila asubuhi. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliyarudia kwa sauti mpaka yakae. Nilimsikia, mwanangu akiungua mikononi mwangu. "Shule inasema watoto wote wazima. Shule inasema watoto wote wazima." Mwalimu akisema, "Tena." Siku ya kwanza nilitaka kupiga yowe. Wavulana waliokuwa na nguvu kidogo walisikiliza pia, na mmoja akauliza, mama, sisi ndio hao?

Mwalimu akishaondoka, yeye alijongea kwenye miiba.

"Mke mkimbizi! Bado hujafa? Hata ndui inakukataa mara mbili!"

Sikuwa na hamu ya utani. Lakini Nyemo alifungua macho, midomo imepasuka, akacheka. Akaninong'oneza, "Mjibu, mama." Nikamjibu. Nikamwambia arudi kwao akabebe mizigo. Akaniambia mlenda wangu ndio uliowaleta Wadachi nchini. Wavulana wakacheka, wengine kwa kikohozi. Asubuhi zote alifanya hivyo, na kila siku matusi yalizidi ukubwa. Nilielewa anachofanya. Hakuwa anajua hali ya mtoto kutoka kule nje. Alikuwa anaamuru. Alidhani akitukana sana, mtoto atalazimika kuwa mzima.

Nyemo alikufa kukiwa kunapambazuka, bila kelele. Nilimfunika kwa kanga yangu. Nikasikia mwalimu chini ya mti, nikasikia na yule mwingine akirudia maneno yake. Kisha hatua zikaja.

"Wewe mwanamke usiye na..."

"Mbukwenyi, baba," nikasema.

Niliona miguu yake kupitia miiba, haikusogea. Nikamsikia anapumua kwa mdomo. Mchana, walipowapa watu jembe, ni yeye aliyechimba kaburi.

Baba Nyemo alinieleza baadaye jinsi ilivyofika nyumbani. Mbiu ililia, mpiga mbiu akapanda paani, akatangaza yote kama alivyoagizwa, na watoto wote wazima. Akashuka, akavua kofia, akamwamkia baba mkwe wangu, akamwamkia mama mkwe, akamwamkia mume wangu, akawaamkia na binti zangu wadogo, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Kisha akaketi chini, vumbini, penye jua. Askari alimwambia twende. Hakuinuka mpaka askari alipomvuta. Mtani ana ruhusa ya kucheka msibani, na sijui mtani mwingine aliyeikataa.

Nilipotolewa mle mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Aliendelea kutupitia, na kwetu hakutukana tena. Mbukwenyi, mama. Asante, mama. Kaya ya jirani nilimsikia akimwita mtu fisi, watu wakiangua kicheko kwa raha, na siku hiyo hiyo kwangu akinywa maji na kuondoka kwa heshima zote. Kuna siku nilimchukia. Nilimuuliza, askari akiwa ameenda haja, kwa nini haiachi kazi hiyo mbaya.

"Nikiacha, mama, watampa mtu asiyejua kutukana."

Sikumuuliza tena.

Vita vilipokuja, Wadachi waliondoka, na mwalimu aliondoka nao. Wavulana wakubwa walichukuliwa kubeba mizigo, wadogo wakarudi makwao kwa miguu. Mbiu haikulia tena. Wenzangu walisema mpiga mbiu amerudi kwao magharibi, wengine wakasema amekufa njiani. Mimi nilikutana naye upande wa Miyuji, ambako siku hizo kulikuwa na malisho tu na njia ya ng'ombe. Nilikuwa natoka kutafuta majani ya mlenda. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, bila kofia, bila pembe, nywele nyeupe. Hakukuwa na askari, wala mtu mwingine yeyote wa kutusikia. Alijaribu kusimama aliponiona.

"Mbukwenyi, mama Nyemo."

"Kaa," nikasema. Nikaweka kikapu chini. Nilikuwa nimefikiria siku nyingi nitamwambia nini, na yote yalinipotea. "Mtani, Wadachi wamekwenda. Nitukane."

Alitikisa kichwa.

"Nitukane kama zamani. Nimechoka na adabu yako."

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

Akatazama chini. "Nikikutukana, moyo wako utasema mtoto ni mzima."

Tulikaa. Ng'ombe wa mtu walipita, mchungaji wao akatuamkia, tukamwitikia. Nilikuwa nalia na sikujifuta.

"Basi hilo ndilo ninalolitaka," nikamwambia. "Nitukane, mtani. Kutoka hapa mpaka nyumbani si mbali."

Akakohoa, akakaza shingo ile ndefu, akaanza. Alinitukana uso, akanitukana mapishi, akamtukana baba yangu na hongo yake, akaniita mke mkimbizi, akaapa kwamba sura yangu ingekausha kisima. Sauti ilimkatika katikati, akameza mate, akaendelea. Hakuacha tusi hata moja la zamani, na mengine nadhani aliyatunga pale pale. Nikainua kikapu changu kichwani, nikaondoka bila kumjibu, yeye bado ananitupia matusi mgongoni, na kutoka pale mpaka nilipouona moshi wa kwetu, Nyemo alikuwa shuleni, mzima.